Kadi Mpya, Skrini Nyeusi: Utatuzi wa Matatizo Unapoboresha Kompyuta Kongwe ya Mezani

Mtu anapoamua kuiongezea uhai kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka minane, kumi au zaidi, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kadi ya michoro, na hakosei, kwa kuwa hicho ndicho kifaa kinacholeta tofauti inayoonekana kwa macho. Tatizo huanza pale kadi inapochomekwa, mashine ikawashwa, feni zikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba kadi ni mbovu. Katika mashine nilizozifungua mimi, kadi iliyokufa kweli ilikuwa nadra. Mara nyingi zaidi kosa lilikuwa kwenye programu dhibiti (firmware) ya ubao mama ambayo haikuguswa tangu mashine itoke kiwandani, au kwenye pawasaplai (kifaa kinachoilisha mashine umeme) iliyochoka, au kwenye mpangilio fulani uliobadilika bila mwenyewe kujua. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili unayoiona na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo chake. Sharti lake ni moja: usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, kwa sababu ukifanya hivyo hutajua ni kipi kilichokuletea tatizo.

Utaratibu wa kufuata kabla ya kununua kadi

Programu dhibiti ya ubao mama imehifadhiwa kwenye chipu ndogo, na ndiyo inayoamka kabla ya mfumo endeshi, ikavitambua vifaa vyote, kisha ikaikabidhi diski kazi ya kuendelea. Mashine za zamani zilitumia BIOS ya asili. Zile zilizotoka kuanzia mwaka 2012 hivi, wakati Windows 8 ilipoingia sokoni, karibu zote zinatumia UEFI, ingawa watu bado huiita BIOS kwa mazoea. Linalosahaulika ni kwamba kadi ya michoro nayo ina programu dhibiti yake, na kabla picha ya kwanza haijaonekana ni lazima programu hizo mbili zielewane. Kadi ya mwaka 2020 kwenye ubao wa mwaka 2011 ni kama watu wawili wenye lahaja za mbali: mara nyingi wataelewana, lakini zipo siku ambazo mmoja atauliza na mwingine atanyamaza.

Ndiyo maana programu dhibiti ya ubao mama inapaswa kusasishwa wakati kadi ya zamani, au michoro iliyomo ndani ya prosesa, bado inafanya kazi. Ukisubiri hadi kadi mpya ikatae kuonyesha picha, itakubidi uing'oe kwanza ili uone unachokifanya. Sasisha, washa mashine, itumie siku moja au mbili kama kawaida, na uhakikishe kwamba imetulia; hapo ndipo kadi mpya iingie.

Kabla ya kupakua faili lolote, jua ubao wako kwa jina lake kamili. Kwenye Windows, programu ya msinfo32 huonyesha mtengenezaji, modeli na toleo la programu dhibiti lililopo. Kwenye Linux, amri ya dmidecode hutoa taarifa zilezile. Jina la familia halitoshi. Baadhi ya watengenezaji walitoa ubao wenye jina lilelile katika marekebisho mawili au matatu, na namba ya marekebisho imechapishwa pembezoni mwa ubao wenyewe kwa herufi ndogo. Faili la marekebisho ya kwanza si la marekebisho ya pili, hata kama majina yao yanafanana kwa kila herufi nyingine. Ikiwa kompyuta yako ilinunuliwa ikiwa imeunganishwa tayari na kampuni kubwa, tafuta faili kwa modeli ya kompyuta, wala si kwa jina la ubao uliomo ndani yake.

Sasisho linakataa kuanza

Dalili ya kawaida ni kwamba umeingia kwenye menyu ya kusasisha, iwe ni EZ Flash ya ASUS, Q-Flash ya Gigabyte, M-Flash ya MSI au Instant Flash ya ASRock, na menyu hiyo haioni flashi uliyoichomeka, au inaiona lakini inasema haina faili. Chanzo huwa ni ufomati wa flashi. Programu dhibiti nyingi za zamani husoma FAT32 tu, na flashi kubwa za siku hizi huja zikiwa na exFAT. Ifomati upya, ichomeke kwenye tundu la USB lililo nyuma ya mashine moja kwa moja kwenye ubao, na ukiweza chagua tundu la USB 2.0, kwa kuwa yale ya USB 3.0 kwenye mashine za kipindi cha mpito huwa hayaamshwi mapema. Hakikisha pia kwamba faili limetolewa kwenye kifurushi cha zip. Hili nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Ikiwa faili linaonekana lakini linakataliwa kwa ujumbe kwamba si halali, usilazimishe. Ama ni la modeli nyingine, ama toleo unalolitaka linadai toleo la kati liwekwe kwanza. Maelezo yanayoambatana na kila toleo hueleza jambo hilo kwa sentensi moja ambayo wasomaji wengi huiruka, na kwa mashine ambayo haijasasishwa kwa miaka mingi, kupanda ngazi moja moja ni jambo la kutarajiwa.

Watengenezaji wengi hutoa pia programu ya kusasisha ukiwa ndani ya Windows. Inafanya kazi, lakini kwenye mashine kongwe naipendelea njia ya menyu ya UEFI, kwa sababu ndani ya Windows kuna mambo mengi yanayoendelea kwa wakati mmoja na lolote kati ya hayo linaweza kuigandisha mashine katikati ya uandishi. Isipokuwa pale ambapo mtengenezaji ametoa njia ya Windows peke yake, sioni sababu ya kujiingiza kwenye hatari hiyo.

Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba mafaili, simamisha ulinzi huo kwa muda kabla ya kuanza. Programu dhibiti ikibadilika, mfumo huona kana kwamba mashine imechezewa na hudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo atakuwa amejifungia mafaili yake mwenyewe.

Sasisho limekatikia njiani

Uandishi wa programu dhibiti huchukua dakika chache, na katika muda huo mashine inaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja, skrini ikiwa nyeusi. Hiyo si hitilafu. Hitilafu huletwa na mtu anayeona weusi huo na kubonyeza kitufe cha kuzima. Umeme ukikatika ndani ya dakika hizo matokeo huwa yaleyale, na hapo kifaa cha akiba ya umeme cha UPS hujilipia gharama yake kwa siku moja.

Ikiwa imeshatokea na mashine haionyeshi uhai wowote zaidi ya feni kuzunguka, kwanza elewa kwamba kuondoa betri ya ubao hakutatibu. Kufanya hivyo hufuta mipangilio tu. Programu yenyewe iliyoandikwa nusu hubaki nusu. Chunguza ikiwa ubao wako una chipu mbili, kama zilivyo bao nyingi za Gigabyte, ambapo ya pili huchukua nafasi ya ile iliyoharibika. Chunguza pia ikiwa nyuma kuna kitufe kidogo cha kuandika upya kutoka kwenye flashi. Kitufe hicho hufanya kazi hata bila prosesa wala RAM, mradi pawasaplai imeunganishwa. Visipokuwepo vyote viwili, kinachobaki ni kuiandika chipu kwa kifaa cha nje kinachoishika miguu yake, na kazi hiyo mpe fundi aliyewahi kuifanya. Si ngumu kwake, lakini kuchagua volti isiyo sahihi kunaweza kuiua chipu.

Sasisho limefanikiwa, Windows haiwaki

Hapa watu hushtuka bila sababu. Baada ya kusasishwa, programu dhibiti hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mipangilio hiyo huenda haifanani na ile iliyokuwepo Windows ilipowekwa. Skrini ya buluu yenye neno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE kwa kawaida maana yake ni kwamba namna ya kuongea na diski imebadilika, kwa mfano kutoka AHCI kwenda RAID au IDE. Irudishe ilivyokuwa na mfumo utawaka kama vile hakuna kilichotokea. Ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia unatokana na mpangilio wa vifaa vya kuanzia, au na CSM, ile sehemu ya UEFI inayoigiza BIOS ya zamani, kuwa imezimwa wakati diski yako ilipangwa kwa mtindo wa kale wa MBR. Piga picha za kurasa zote za mipangilio kwa simu kabla ya kusasisha. Ni kazi ya dakika mbili, nayo inakuepusha na kubahatisha.

Ukiona kwamba saa ya mashine inarudi nyuma kila inapochomolewa kwenye umeme na mipangilio inapotea, tatizo halihusiani na sasisho. Betri ya CR2032 ya volti 3 imekwisha. Ibadilishe kabla ya kuendelea na jambo jingine lolote, kwa kuwa mipangilio utakayoiweka kwa ajili ya kadi mpya nayo itapotea pamoja na saa.

Kadi imeingia, skrini ni nyeusi

Anza na lililo rahisi hata kama linakudhalilisha. Kebo ya monita imechomekwa wapi? Tundu la picha lililo kwenye ubao mama halina uhusiano na kadi mpya, na mashine nyingi huizima michoro ya ndani mara zinapoitambua kadi. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikihamisha RAM kutoka sloti hii hadi ile, kisha nikagundua kwamba kebo ilikuwa imebaki pale ilipokuwa siku zote. Baada ya hapo angalia ikiwa kadi imezama vizuri kwenye sloti hadi kibanio cha mwisho kikalia, na ikiwa tundu lake la umeme, kama linalo, limeunganishwa. Kadi yenye tundu lisilo na kebo mara nyingi huzungusha feni bila kutoa picha, au hutoa maandishi ya onyo.

Kisha tenganisha mambo mawili yanayofanana kwa sura: mashine iliyokwama na mashine inayoendelea kufanya kazi bila picha. Subiri dakika moja baada ya kuwasha, halafu bonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mashine haijakwama, na tatizo lipo kati ya kadi na monita. Taa isipoitikia, mashine imesimama kabla ya kufika kwenye mfumo endeshi. Ikiwa ubao una spika ndogo, sikiliza. Kwenye BIOS za Award, mlio mmoja mrefu unaofuatwa na miwili mifupi huashiria tatizo la kadi ya michoro. Kwenye zile za AMI, milio minane mifupi huashiria kumbukumbu ya kadi. Bao mpya zaidi zina taa ndogo nne zenye majina ya prosesa, RAM, michoro na diski, na taa inayobaki imewaka ndiyo inayokuonyesha mashine ilipoishia.

Ikiwa mashine inaendelea kufanya kazi, kishuku kipatanishi cha kebo. Monita za zamani zina tundu la VGA tu, ambalo hupokea mawimbi ya analogi, ilhali kadi za NVIDIA kuanzia mfululizo wa GTX 10 wa mwaka 2016 hazitoi tena mawimbi hayo hata kupitia tundu la DVI. Kipatanishi rahisi kisicho na chipu ndani yake, ambacho kilifanya kazi miaka yote kwenye kadi ya zamani, hakitafanya chochote kwenye kadi hizo. Unahitaji kile kinachobadilisha dijitali kuwa analogi. Jaribu kadi kwenye televisheni kwa kebo ya HDMI, na utapata jibu kwa dakika moja.

Lipo pia tatizo moja ambalo lilisumbua watu wengi na ambalo lilihitaji programu dhibiti ya kadi yenyewe isasishwe. Kadi za NVIDIA za vizazi vya Maxwell na Pascal zilipounganishwa na monita za DisplayPort 1.3 au 1.4, skrini iliweza kubaki tupu hadi mfumo endeshi upakiwe, au mashine kugoma kabisa kuwaka. NVIDIA ilitoa kifaa cha kurekebisha mwaka 2018. Ikiwa ndiyo hali yako, unganisha monita kwa HDMI au DVI kwanza, endesha rekebisho hilo, kisha rudi kwenye DisplayPort.

Ikiwa mashine imesimama kabla ya mfumo endeshi, rudi kwenye suala la kuelewana kwa programu dhibiti mbili. Kadi za zamani zilibeba programu ya BIOS peke yake; kadi za baadaye zinabeba pia moduli inayoitwa GOP, ambayo ndiyo inayoiwezesha UEFI kuchora picha bila kuigiza BIOS. Kutokana na hilo hutokea makosa mawili yanayokwenda pande tofauti. La kwanza ni kuchomeka kadi isiyo na GOP kwenye mashine ambayo CSM imezimwa au Secure Boot (ulinzi unaoruhusu programu zilizoidhinishwa tu wakati wa kuwaka) imewashwa: hakutakuwa na picha mpaka CSM iwashwe, na ili kuiwasha unahitaji kuona skrini, kwa hiyo toa kadi au futa mipangilio kwa kuondoa betri. La pili ni kuchomeka kadi mpya kwenye ubao ambao programu dhibiti yake ni ya miaka ya mwanzo ya UEFI na haiwezi kuisoma GOP hiyo ipasavyo. Hapa ndipo sasisho huleta tiba ya kweli, na matoleo ya mwisho kwa bao za kipindi hicho mara nyingi yalitolewa kwa sababu za namna hii. Ikiwa ubao uko tayari kwenye toleo la mwisho na kadi bado haitambuliwi, ijaribu kadi kwenye mashine nyingine. Ikitoa picha huko, ubao wako umefika mwisho wa uwezo wake, na suluhisho ni kadi ya kizazi kilichotangulia.

Mashine inajizima mchezo unapoanza

Kila kitu kinawaka vizuri, Windows inafunguka, lakini mara tu kadi inapopewa kazi nzito mashine hufa ghafla kama iliyochomolewa kwenye umeme. Chanzo cha kwanza kukichunguza ni pawasaplai, na hesabu yake si ngumu. Sloti ya PCI Express, ile kadi inamochomekwa, hutoa wati 75 tu kwa kadi. Tundu la pini 6 huongeza wati 75 nyingine, na la pini 8 huongeza 150. Kadi kama GTX 1050 Ti ilipangiwa wati 75, ndiyo maana matoleo yake mengi hayana tundu la umeme kabisa na imekuwa kimbilio la kompyuta za ofisini.

Soma kibandiko cha pawasaplai, lakini usiangalie ile namba kubwa ya jumla. Tafuta safu ya volti 12, kwa kuwa ndiyo inayolisha kadi na prosesa. Ikiwa kibandiko kinasema ampea 18 kwenye safu hiyo, zidisha kwa 12 na utapata wati 216, hata kama juu yake imeandikwa wati 350. Sehemu iliyobaki iko kwenye volti 3.3 na volti 5 ambazo kadi haizihitaji kwa kiasi hicho. Pawasaplai nyingi za zamani ziligawanywa hivyo. Ongeza umri juu ya hesabu hiyo: kapasita huchoka, na pawasaplai iliyotumika miaka kumi haiwezi kutegemewa kutoa kile ilichokitoa ilipokuwa mpya.

Pawasaplai isipokuwa na kebo ya pini 6, mtu hushawishika kutumia kipatanishi kinachotoa umeme kwenye plagi ya diski ya SATA. Nakushauri usifanye hivyo. Plagi ya SATA imeruhusiwa kupitisha ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, ilhali tundu unalolilisha linaweza kudai 75. Tofauti hiyo hugeuka joto, na nimewahi kushika mkononi plagi ya namna hiyo ikiwa imeyeyuka upande mmoja. Kompyuta zilizounganishwa na kampuni kubwa zina mtego wao wa ziada: baadhi yake hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye ubao, hivyo pawasaplai ya kawaida haiingii bila kipatanishi mahususi. Fungua kifuniko na utazame kabla ya kununua.

Usiitegemee sana rekodi ya matukio ya Windows yenye namba 41 kutoka Kernel-Power. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa. Haisemi kwa nini. Ikiwa badala ya kuzimika mashine inatoa madoa ya rangi, mistari, au skrini kuganda kwa sekunde chache kisha kurejea, pawasaplai si mshukiwa wa kwanza tena. Tazama joto la kadi, kumbukumbu yake na draiva.

Picha ipo, lakini kadi haitambuliwi ipasavyo

Windows ikionyesha jina la Microsoft Basic Display Adapter na picha zikiwa kubwa zisizo na ubora, draiva haijawekwa au imekataliwa. Kama ulibadilisha kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kwa mfano kutoka AMD kwenda NVIDIA, mabaki ya draiva ya zamani huweza kuvuruga ile mpya. Programu ya Display Driver Uninstaller, ikiendeshwa katika hali salama (Safe Mode) na intaneti ikiwa imekatwa, huyasafisha. Kisha weka draiva iliyopakuliwa kwa mtengenezaji wa chipu. Kumbuka pia kwamba draiva zina mwisho. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, ambacho kina sehemu kubwa ya mifululizo ya GTX 600 na 700, ziliishia kwenye tawi la draiva la 470, na kuweka draiva mpya kuliko hiyo kutagoma kila mara bila kosa lolote la mashine yako.

Msimbo wa 12 kwenye orodha ya vifaa ya Windows (Device Manager) maana yake ni kwamba hakuna anwani za kutosha kwa ajili ya kadi. Suluhisho liko kwenye programu dhibiti ya ubao: sasisha, kisha washa mpangilio ulioandikwa "Above 4G Decoding" kama upo. Msimbo wa 43 ni mpana zaidi, kwani maana yake ni kwamba Windows imeisimamisha kadi baada ya kadi yenyewe kuripoti tatizo. Kwa kadi iliyokwishatumika, msimbo huo unastahili uchunguzi wa namna mbili.

Uchunguzi wa kwanza unahusu kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali. Wachimbaji wengi waliibadilisha programu dhibiti ya kadi za AMD ili kumbukumbu iende kasi, na draiva rasmi ya AMD huikataa programu iliyochezewa. Ikiwa kadi ina swichi ndogo pembeni, ina chipu mbili za programu dhibiti. Zima mashine, hamisha swichi, na huenda ukaikuta ile ya asili haijaguswa. Uchunguzi wa pili unahusu udanganyifu mtupu. Zimeuzwa kadi kongwe, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizoandikwa programu dhibiti ya uongo ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na zinapowekewa draiva halisi huanguka. Programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, huweza kuzitambua kadi nyingi za namna hiyo na huweka neno FAKE mbele ya jina. Iendeshe mbele ya muuzaji, si baada ya kufika nyumbani.

Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za sasisho ambazo huchanganywa. Programu dhibiti ya ubao mama isasishwe unapoboresha mashine kongwe. Manufaa yake yanazidi hatari. Programu dhibiti ya kadi iachwe ilivyo, isipokuwa mtengenezaji ametoa rekebisho linaloitaja dalili unayoiona au unairejesha ile ya asili. Kuandika programu ya modeli nyingine ili kupata kasi zaidi ni kamari, na kwenye kadi ya pekee uliyonayo ukikosea hutaona skrini ya kurekebishia.

Inafanya kazi, ila polepole kuliko ilivyotarajiwa

Kwanza fahamu kwamba matoleo ya PCI Express yanaingiliana: kadi ya toleo la 4.0 itafanya kazi kwenye ubao wa 3.0 au 2.0, kwa kasi ya yule aliye chini. Kwa kadi zinazotumia njia zote 16 za kupitishia data kati yake na ubao, hasara huwa ndogo. Kwa zile zilizopunguziwa njia, mambo hubadilika. RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022, ina njia 4 tu. Kwenye toleo la 4.0 hizo zinaipa karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, kwenye 3.0 karibu 4, na kwenye 2.0 gigabaiti 2. Kadi hiyo ikichomekwa kwenye mashine ya mwaka 2011, kumbukumbu yake ndogo ikijaa, mchezo huanza kukwamakwama kwa namna ambayo hakuna draiva itakayoitibu. Wanaonunua kwa kutazama bei na jina tu hawaambiwi jambo hilo.

GPU-Z huonyesha toleo na idadi ya njia zinazotumika, lakini soma namba hiyo kadi ikiwa kazini, kwa sababu ikipumzika hushuka hadi 1.1 ili kuokoa umeme, na wengi wamedhani ubao wao umeharibika kwa kuiona. Ukikuta njia 4 wakati kadi ina 16, angalia kama umeitumia sloti ya chini. Bao nyingi zina sloti ndefu ya pili ambayo ndani yake imeunganishwa njia chache. Vumbi kwenye miguu ya dhahabu ya kadi nalo huweza kupunguza njia, na kuifuta kwa kitambaa chenye pombe safi kunatosha.

Ikiwa njia ziko sawa, tazama matumizi ya kadi wakati wa mchezo. Yakizunguka asilimia 50 huku kiini kimoja au viwili vya prosesa vikiwa vimejaa, kadi inaisubiri prosesa, na kununua kadi kubwa zaidi hakutaongeza chochote. Hakikisha pia kwamba RAM ilirejeshewa kasi yake baada ya sasisho, kwa kuwa wasifu wa XMP, unaoiendesha RAM kwa kasi yake iliyotangazwa, huzimwa pamoja na mipangilio mingine.

Kadi za Intel Arc zinahitaji neno la pekee. Zilitengenezwa zikitegemea Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, na bila huo kasi yake hushuka sana. Baadhi ya bao za zamani zilipewa uwezo huo kupitia sasisho la programu dhibiti, lakini ili uwake ni lazima "Above 4G Decoding" iwashwe na CSM izimwe, na CSM ikizimwa diski ya MBR haitawaka. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 ina amri ya mbr2gpt inayoibadilisha diski bila kufuta mafaili. Hifadhi nakala kwanza, badilisha diski, kisha zima CSM, kwa utaratibu huo na si kinyume chake. Ikiwa sasisho la mwisho la ubao wako halina Resizable BAR, tafuta kadi ya AMD au NVIDIA, kwa kuwa hizo hupoteza kidogo tu bila uwezo huo.